Mtoto anasema hafundishwi: darasa la meza za duara na visa ya F-1

Kutoka: Mama K., Brooklyn Park

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri. Mtoto wa kaka yangu amekuja kutoka Mwanza mwezi wa nane, anasoma mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota. Kila akija kula kwangu ni kilio kimoja: "Shangazi, huku hatufundishwi." Wanapewa video waangalie usiku, asubuhi wanakaa kwenye meza za duara, profesa anazungukazunguka akiuliza maswali. Majaribio mawili ya kemia ameshafeli, sasa anataka kuliacha somo. Baba yake naye ananisukuma nimpigie profesa simu. Nifanyeje?

Kutoka: mwanafunzi wa uzamivu, Minneapolis

Shikamoo mama, pole sana. Naanza na la hatari: asiliache somo kabla hajaonana na mshauri wa wanafunzi wa kigeni. Mwenye F-1, yaani visa ya mwanafunzi, wa shahada ya kwanza lazima awe na krediti 12 kila muhula (krediti ni kipimo cha uzito wa somo). Akishuka chini ya hapo bila kibali alichopewa kabla, haki yake ya kukaa huku kama mwanafunzi inaingia matatani. Kibali kwanza, kuacha somo baadaye. Na asidhani pengo atalijaza kwa masomo ya mtandaoni, kwani katika hizo 12 huhesabiwa somo moja tu la aina hiyo kwa muhula, lisilozidi krediti 3.

Simu kwa profesa haitasaidia. Kuna sheria ya Marekani ya 1974, FERPA: mtu akishaingia chuo, alama zake ni siri yake. Profesa hatakueleza kitu bila kijana kuridhia kwa maandishi.

Sasa hiyo "hatufundishwi". Mimi nafundisha kama msaidizi katika madarasa hayo na malalamiko haya nayasikia kila muhula, hata kwa waliozaliwa hapahapa. Jengo la Bruininks Hall, lile la kando ya mto lililofunguliwa 2010, lilijengwa kwa ufundishaji huu: meza za watu tisa, ubao kwenye kuta pande zote, skrini. Swali linatolewa, kila mtu anachagua jibu kimyakimya, kisha mnabishana na wenzako, mnachagua tena. Mtindo huo wa kura mbili profesa wa fizikia Eric Mazur aliuanza Harvard mwaka 1991, baada ya kuona wanafunzi wake wanakokotoa vizuri lakini fizikia yenyewe hawaielewi.

Na unafanya kazi. Mwaka 2014 mtafiti Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi na hesabu: kwenye mihadhara ya kawaida walifeli karibu 34 kwa mia, kwenye madarasa ya kushiriki karibu 22. Utafiti mwingine wa Harvard, wa 2019, ulionyesha jambo linalomhusu kijana wetu moja kwa moja: waliosoma kwa kushiriki walijifunza zaidi, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Mhadhara mtamu hukufanya ujione umeelewa. Kukwama mbele ya wenzako kunauma, na hapo ndipo akili inapofanya kazi.

Ninachokiona mezani ni hiki: mtoto wetu anakaa na daftari safi, kalamu mkononi, anasubiri jibu sahihi liandikwe ubaoni alinakili. Haliandikwi. Mwambie ashike yeye ile kalamu ya ubaoni. Anayeandika halazimiki kuongea sana, na wenzake watamsemesha tu.

Kutoka: Baba wa St. Paul

Nakubaliana, ila tusiwe wepesi wa kusema "ashiriki tu". Mtoto aliyezoea kwamba kumkatiza mwalimu ni utovu wa adabu, na anayeogopa lafudhi yake kuchekwa, hawezi kubadilika kwa amri. Aanze na saa za ofisi za profesa, ule muda anaowatengea wanafunzi, wakae wawili tu. Asiende kusema "sijaelewa". Aende na swali alilolifanya nusu, aonyeshe mstari aliokwama. Binti yangu ndivyo alivyopona kwenye hesabu.

Kutoka: Mama K.

Asanteni sana. Masomo ya ziada je, ni ya kulipia? Anaona aibu, anasema yale ni ya waliofeli.

Kutoka: mwanafunzi wa uzamivu, Minneapolis

Hayalipiwi mama, yamo kwenye ada na michango yake. Aende maktaba ya Walter, aulizie SMART Learning Commons, kituo ambako wanafunzi husaidiwa masomo na wenzao. Aibu aiache. Mpango wa namna hii ulianza 1973 kule Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, ukianzishwa na Deanna Martin, na msingi wake ulikuwa kulenga somo gumu badala ya mwanafunzi dhaifu. Kikao kinaongozwa na mwanafunzi aliyelifaulu somo hilohilo, na wenye A pia wanakuja. Kuhusu kemia, mwambie aniandikie pembeni kabla ya tarehe ya mwisho ya kuacha masomo. Nitampeleka mwenyewe kwa mshauri.