Ushauri: nimlipe kocha aliyewahi kucheza besiboli ya kulipwa, au huyu ambaye hajawahi?

BabaWatatu:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Columbus, Ohio, na kijana wangu ameipenda besiboli kuliko nilivyowahi kuupenda mpira wa miguu nilipokuwa na umri wake. Majira haya ya baridi nataka kumpatia kocha binafsi wa kurusha mpira, na nimebakiwa na wawili. Wa kwanza alirusha katika ligi ndogo za kulipwa kwa miaka sita kabla ya kuingia kwenye ukocha, na jezi zake zimetundikwa ukutani mwa ukumbi anamofundishia. Wa pili aliishia timu ya chuo, hakuwahi kulipwa hata senti kwa kucheza, lakini ana kamera na vifaa vinavyopima kasi na mzunguko wa mpira. Wote wawili wanatoza dola 80 kwa saa. Mama watoto anamtaka wa kwanza kwa hoja kwamba ameyapitia, mimi ninasita. Amana inatakiwa ifikapo Jumamosi. Mngechagua yupi?

MamaWaDallas:
Mleta mada, umetueleza habari za jezi za kocha lakini hujasema lolote kuhusu mtoto. Ana umri gani? Anarusha tu, au anadaka pia? Kwa mwaka anapumzika miezi mingapi? Na je, bega au kiwiko vimewahi kumuuma? Bila majibu hayo, sisi tutakuwa tunakuchagulia viatu bila kujua ukubwa wa mguu.

MzeeWaBenchi:
Ninaheshimu maswali ya dada hapo juu, ila kwangu jibu ni jepesi: mchukue aliyecheza. Angalieni waliofanikiwa kwenye mabenchi ya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani (MLB). Bruce Bochy alikuwa mdakaji wa akiba, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mirusho, kwa muda mwingi wa maisha yake ya kucheza, kisha akiwa meneja (kocha mkuu) akaja kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu, wanaouita wa dunia, mara tatu akiwa na Giants, mwaka 2010, 2012 na 2014, na mara ya nne akiwa na Rangers mwaka 2023. Stephen Vogt alistaafu kucheza mwishoni mwa msimu wa 2022, akafanya kazi ya kocha msaidizi Seattle kwa msimu mmoja tu, na mwaka 2024 akiwa Cleveland akachaguliwa kuwa meneja bora wa Ligi ya Marekani, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu. Huyo naye alikuwa mdakaji. Mdakaji hutumia maisha yake yote akimtazama mrushaji usoni, kwa hiyo anajua hofu inapoingia na mkono unapochoka hata kabla mwenyewe hajakubali. Kamera gani itakupa hilo?

KipimoKwanza:
Mzee, unatuhesabia waliofaulu na kuwaacha walioshindwa. Ted Williams, mpigaji ambaye wengi humweka juu ya wote, aliyemaliza msimu wa 1941 kwa wastani wa kupiga wa .406 (yaani alifanikiwa karibu mara 4 katika kila 10), alipokuwa meneja alimaliza msimu wake wa mwisho, 1972, kwa kupoteza michezo 100 akiwa na Texas. Kwa upande mwingine, Charley Lau, ambaye wastani wake wa kupiga ulikuwa .255 tu, ndiye aliyemfundisha mpigaji mashuhuri George Brett kupiga. Na Leo Mazzone, kocha wa warushaji wa Atlanta aliyefanya kazi na Maddux, Glavine na Smoltz, hakurusha hata mpira mmoja katika Ligi Kuu. Kati ya 1991 na 1998 warushaji wake walitwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, mara sita. Mwenye kipaji kikubwa mara nyingi hajui kueleza anachokifanya, kwa sababu hakulazimika kukifikiria.

MzeeWaBenchi:
Ndugu Kipimo, umenisaidia bila kukusudia. Ni kweli Mazzone hakufika Ligi Kuu, lakini alirusha kwa miaka kadhaa katika ligi ndogo, tena kwa kulipwa, sawasawa na kocha wa kwanza wa mleta mada. Na Ted Williams unamwonea: mwaka 1969, msimu wake wa kwanza, timu hiyo hiyo ikiwa bado Washington kabla ya kuhamia Texas, ilishinda michezo 86 na yeye akatajwa kuwa meneja bora wa ligi. Timu ilipozorota baadaye, alikuwa na wachezaji gani?

KipimoKwanza:
Ninakubali kuhusu Mazzone. Kuhusu Williams sikubali, kwa kuwa meneja anayeng'ara mwaka mmoja na kushuka mitatu mfululizo hawezi kuwa mfano wa kuigwa.

BabaWatatu:
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu ya usiku. Kijana ana miaka 13, anatimiza 14 mwezi Machi. Anarusha, na katika mashindano ya mwisho wa wiki hudaka pia, wakati mwingine siku hiyo hiyo, kwa kuwa timu yake ina wachezaji wachache. Kiwiko humuuma kidogo baada ya michezo, lakini asubuhi huwa kimepoa. Hachezi mchezo mwingine, na tangu mwaka jana hajapumzika isipokuwa wiki mbili za Krismasi.

MamaWaDallas:
Kaka, jambo hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza. Naomba mnivumilie niandike kwa kirefu.

Mwanangu alipokuwa na miaka 12 tulimpeleka kwa mtu aliyewahi kucheza kulipwa, ambaye sitamtaja. Alikuwa mcheshi, alisimulia vizuri, na watoto walimtazama kama mtume. Katika mwezi wa pili alianza kumfundisha mpira wa kupinda. Mtoto aliposema kiwiko kinamuuma upande wa ndani, kocha alimjibu kwamba warushaji wote hurusha na maumivu na kwamba yeye mwenyewe alirusha hivyo kwa miaka minne. Mimi nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka hapo, nikanyamaza, kwa sababu nilijiambia kwamba mimi ni muuguzi tu na yeye ndiye aliyecheza. Baada ya wiki tatu mtoto alishindwa kunyoosha mkono mezani ili achukue chapati. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba ile sehemu laini ya mfupa ambayo bado inakua ilikuwa imeanza kuachana na mfupa wenyewe. Hakurusha kwa miezi mitano, na aliporudi alikuwa na woga ambao hakuna kocha aliyeweza kuuondoa. Sasa anakimbia mbio za mita 800.

Sisemi kwamba kucheza kulipwa ndiko kulikomharibu mtu yule. Kilichomharibu ni kudhani kwamba mwili wake wa miaka 22 na mwili wa mtoto wa miaka 12 ni kitu kimoja. Mwongozo uliotolewa na Ligi Kuu pamoja na shirikisho la besiboli la Marekani mwaka 2014 uko wazi kwa umri wa kijana wako: asizidishe mirusho 95 kwa siku, akifikisha 66 apumzike siku nne, asidake katika mchezo aliorusha, na apate angalau miezi minne kwa mwaka bila kurusha. Wewe unatafuta kocha wa kurusha kwa majira ya baridi, wakati ambao pengine hapaswi kurusha kabisa.

AzaniaZamani:
Shikamoo wakubwa. Niko Dar es Salaam, jirani na uwanja wa besiboli wa Azania uliojengwa kwa msaada wa Japani. Wajapani wana utaratibu unaohusu mjadala huu: mchezaji wa zamani wa kulipwa haruhusiwi kufundisha timu ya sekondari mpaka apitie mafunzo na kupewa kibali. Hata nyota wao Ichiro Suzuki, aliyecheza Ligi Kuu, alipitia mafunzo hayo alipostaafu, na kibali akakipata mwaka 2020. Kama Ichiro alikalishwa darasani, kuna ubaya gani mleta mada kuwauliza makocha wake wote wawili walisomea wapi habari za miili ya watoto?

MzeeWaBenchi:
Marahaba, mwanangu. Hoja hiyo naipokea, ila utaratibu huo ulianza kwa ugomvi wa kugombea wachezaji kati ya timu za kulipwa na za ridhaa, si kwa huruma ya viwiko.

KipimoKwanza:
Mbona hakuna aliyemtaja Brent Strom? Alirusha Ligi Kuu miaka ya 1970, akawa wa pili kufanyiwa ile operesheni ya kutengeneza kano ya kiwiko iliyopewa jina la mrushaji Tommy John, kisha akiwa mzee kabisa akawa kocha wa warushaji wa Houston kuanzia 2014 hadi 2021, na vifaa vya kupimia hakuvikimbia. Amecheza, ameumia, na bado amesoma.

MzeeWaBenchi:
Basi mleta mada atafutiwe Strom wa dola 80 kwa saa pale Columbus.

BabaWatatu:
Nimewapigia wote wawili leo nikawauliza swali la miezi minne. Yule wa jezi alinyamaza kidogo, kisha akasema nimpeleke kijana kwa daktari kwanza, na kwamba amana inaweza kusubiri. Yule wa kamera alisema atapunguza mirusho lakini ratiba yake inaanza Jumatatu. Sikutarajia majibu hayo, na mama watoto sasa ananicheka. Daktari ametupa nafasi Alhamisi ijayo.

KipimoKwanza:
Muulize wa kamera kama ana programu isiyo na kurusha, ya miguu na kiuno. Wengi wanayo, lakini hawaielezi mpaka waulizwe.

MamaWaDallas:
Na kudaka je, kocha wa timu yake umeshamwambia?