Naomba ushauri: Coaster, Hiace au Land Cruiser yenye hema juu ya paa?

Ndugu wanakikundi, salaam. Mimi na mwenzangu, wakazi wa Tanga mjini, tunatafuta gari la kulala safarini, kwa kuwa kazi yetu ya kupiga picha za ndege hutupeleka Pangani, Saadani na Lushoto kila mwezi, na gharama za nyumba za wageni zimetuelemea.

Coaster inatosha kitanda cha kudumu, jiko la gesi na hata choo, lakini urefu wake wa karibu mita 7 unanitia hofu kwenye kona za kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Land Cruiser haitishwi na tope la Saadani wakati wa masika, ila mvua ikinyesha, mtu apikie wapi? Hiace haina shida ya vipuri. Tuliazima ya shemeji tukalala humo siku mbili, tukashindwa kusimama wima (mgongo wangu si wa ujana tena), na joto likatutoa nje saa nane usiku.

Naomba kujua: je, kuinua paa la Hiace kwa fibaglasi kunaifanya iyumbe kwenye kona? Na aliyewahi kugeuza Coaster kuwa ya kulala, alifuata utaratibu gani kubadilisha usajili wake kutoka gari la abiria?