Tupeane uzoefu: ndege na vipepeo wa kaskazi, Mida na Arabuko-Sokoke

Wadau, kaskazi imeshika, joto halisemeki, na pale Mida, hori la bahari jirani na Watamu, ndege wageni wa msimu washatua. Naanza mimi. Mara ya kwanza nilitoka Mombasa alfajiri na darubini ya kuazima, kufika maji yamekupwa hadi yameishia hukooo, ndege ni vidoti tu kwenye tope. Kijana anayetembeza wageni akacheka, eti bro hapa huji kwa saa ya mkononi, unakuja na saa ya maji. Nikalala Watamu, kesho yake tukawahi maji yakijaa, tukapita lile daraja la kamba juu ya mikoko mpaka kibanda cha kujifichia, na kadiri tope linavyofunikwa ndege wanasogea wenyewe, wakiwemo wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wanaokula kaa, ambao kwao kwa kutagia ni mashimo ya mchanga huko Oman na Ghuba. Jioni keremkerem wekundu wakaja kulala mikokoni, nikasahau kupiga picha. Haya, nani mwingine?

— Mimi wa Gede. Mamangu alifuga vipepeo kwenye ule mradi wa Kipepeo ulioanza 1993, majirani wakamcheka, mtu mzima unalisha viwavi?? Jike anawekwa kwenye kizimba cha neti atage, halafu kazi ni majani, na si majani yoyote, kila aina na mti wake, ukimpa mwingine hali ng'o. Usiku mmoja siafu waliingia wakamaliza viwavi wote, mama alilia. Viwavi wanaopona siku zingine wanauzwa wakishakuwa pupa, yaani wamejifunga kwenye ganda kabla ya kuwa vipepeo, hizo pupa zinapanda ndege kwenda Ulaya na Marekani, zifike kabla kipepeo hajatoka. Karo yangu ilitoka humo so mimi kiwavi sikanyagi

— Kama unataka vipepeo wale wakubwa wenye mikia, achana na maua. Beba ndizi iliyochacha, hata mavi ya wanyama wanashukia 😂

— Kwetu bundi ni mkosi, basi. Kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke nikaonyeshwa bundi wa Sokoke, wawili wamebanana tawini mchana kweupe, kila mmoja kama nusu rula, wamesinzia. Tanzania nasikia wako Usambara. Nilikaa nawatazama nusu saa. Bibi sijamwambia mpaka leo.