Je, kuomba uhamisho ni kukosa shukrani kwa Mungu?

Mwalimu wa Newala:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mzaliwa wa Mbeya, ninafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Newala. Nimeomba uhamisho zaidi ya mara moja bila kufanikiwa, na kila ninaposhika simu naona wenzangu niliohitimu nao wakijenga Dodoma na Dar es Salaam, ilhali mimi niko huku juu ya uwanda wa Makonde ambako kiangazi maji hununuliwa kwa ndoo. Kiongozi mmoja wa kanisa ameniambia kwamba kuendelea kuomba kuondoka ni kunung'unika kama Waisraeli jangwani, na neno hilo limenielemea sana. Je, Mkristo akiomba hali yake ibadilike, amekosa kuridhika? Na nitashukuruje mahali nisipopapenda bila kuwa mnafiki mbele za Mungu?

Mzee wa Kanisa, Masasi:
Mwanangu Mwalimu, pole kwa mzigo huo. Waisraeli hawakukosea kwa kuona kiu. Walikosea pale waliposema kwamba walitolewa Misri ili wafe jangwani pamoja na watoto wao. Paulo aliyewaandikia Wafilipi, akiwa kifungoni, kwamba amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote, ndiye aliyemsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba, yaani taabu iliyomsumbua mwilini, na ndiye aliyewaambia watumwa wa Korintho kwamba wakipata nafasi ya kuwa huru waitumie. Kwa hiyo omba uhamisho wako kwa dhamiri safi.

Hata hivyo, usiishi Newala kama abiria anayesubiri basi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipita Lindi akiwa na watu waliokombolewa utumwani, wakielekea upande wa Ziwa Nyasa, na walipofika hapa Masasi wakapenda kubaki. Hapakuwa kwao kwa kuzaliwa, lakini walijenga na kulima, na kanisa tunalosali leo lina mizizi katika uamuzi wao. Soma pia Yeremia 29, barua kwa mateka wa Babeli: wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji waliopelekwa. Waliahidiwa kurudi, na bado waliambiwa wapande.

Muuguzi, Ndanda:
Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu, kuhusu unafiki, fungua Zaburi ya 13. Daudi anaanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau hata lini, na anamaliza kwa kuimba, wala hakuna mahali anapokemewa kwa lile swali la mwanzo. Mwambie Mungu waziwazi kwamba hupapendi, kisha mshukuru kwa kitu unachoweza kukitaja. Mimi kila ninapotoka zamu ya usiku humtaja mgonjwa mmoja: mama wa kitanda cha dirishani ambaye leo amekunywa uji wote. Shukrani ya jumlajumla hunipita mdomoni tu, lakini ile yenye sura ya mtu hunibadilisha. Wewe una mtoto aliyesoma sentensi nzima kwa mara ya kwanza, na bila shaka una jirani Mwislamu anayekuletea futari ingawa anajua hufungi. Hao ndio wa kutajwa. Simu nayo, iweke mbali kabla ya sala.

Mkulima, Tandahimba:
Ninaongeza machache. Mikorosho inapotoa maua tunapulizia salfa ili ugonjwa wa ubwiri unga usiyaharibu, na jioni hiyohiyo tunaomba na kushukuru. Aliyeacha kupulizia hawezi kusema ameridhika kwa imani. Vilevile, kuridhika kusitumike kumnyamazisha mtu aliyepunjwa, kwa maana nabii Amosi aliikemea mizani ya udanganyifu kwa jina la Bwana. Mwalimu akidai stahili zake, asiambiwe ananung'unika.

Mwalimu wa Newala:
Asanteni sana, na shikamoo Mzee. Barua ya uhamisho nitaiandika tena. Lakini nimetambua kwamba kwa kuwa niliona nitaondoka wakati wowote, sijapanda hata mchicha nyuma ya nyumba, wala sijajiunga na kwaya ya usharika. Dada Muuguzi, jirani uliyemtaja yupo kweli, ndiye anayenigawia maji ya kisima chake cha mvua, na ninaona haya kwamba sijawahi kumtaja katika sala zangu. Leo nitaanza na yeye.