Naomba ushauri: Masasi hadi Mueda kwenye kipanga-safari kimoja, mpaka tunauwekaje?

Korosho_Ramani:
Wakuu, habari za leo. Tuna seti ya GTFS (mfumo wa kawaida wa kuandika ratiba za usafiri kwenye faili) ya mabasi na Hiace za Mtwara, Masasi, Newala na Nanyumbu, tunaiendesha kwa OpenTripPlanner, programu ya kupanga safari. Wenzetu wa Msumbiji wana seti yao ya chapa (daladala za kule) za Mueda, Palma na Pemba. Kila moja peke yake inajibu vizuri. Tukiziunganisha, anayetafuta Masasi–Mueda mara anaambiwa hakuna njia, mara anavushwa Daraja la Umoja, la mto Ruvuma mpakani, kwa miguu saa 8 usiku. Je, tuwe na seva mbili zinazoulizana, au data zote tuziweke seva moja? Na mpaka wenyewe tuuandikeje? Seva ina RAM ya GB 8.

Njia_Panda_Mangaka:
Seva moja, mkuu. Mfumo wa seva kuulizana upo, na una kiwango chake cha Ulaya, OJP, CEN/TS 17118 cha mwaka 2017. Mradi wa LinkingAlps uliutumia kuunganisha vipanga-safari vya nchi za Alps. Lakini kule kila mwenye data ana mfumo wake mkubwa na hataki kuikabidhi, kwa hiyo wanakubaliana vituo vya kupokezana na kila mmoja anajibu kipande chake. Nyinyi vituo vya kupokezana ni viwili tu, Mtambaswala–Negomano (penye Daraja la Umoja) na Kilambo–Namoto. Mashine yote hiyo ya nini?

"Hakuna njia" nahisi inatokana na ramani. Mkipakia OSM (ramani huria ya OpenStreetMap) ya Tanzania pekee, barabara ya ng'ambo haimo. Pakua zote mbili kisha:

osmium merge tanzania-latest.osm.pbf mozambique-latest.osm.pbf -o zote.osm.pbf
osmium extract -b 37.5,-13.5,41,-9.5 zote.osm.pbf -o kusini.osm.pbf

Hapo unapata Lindi hadi Pemba, na GB 8 zinatosha. Ukiacha nchi mbili nzima, kujenga grafu (mtandao wa njia ambao programu hutafutia) kutakwama katikati.

Saa_Sita_Kasoro:
Kabla ya ramani, rekebisheni saa. Tanzania ni UTC+3, Msumbiji UTC+2. GTFS hairuhusu seti moja iwe na agency_timezone (saa za eneo) mbili, kwa hiyo msizichanganye faili. Ziacheni seti mbili, moja Africa/Dar_es_Salaam, nyingine Africa/Maputo, kisha kwenye build-config.json (faili la mipangilio la OpenTripPlanner) wekeni transitModelTimeZone, yaani saa moja ya mfumo mzima.

Kosa la pili linatokea kwa wakusanya data. Dereva anasema "saa 11 alfajiri", kijana anaandika 11:00:00 badala ya 05:00:00. Fomu iwe na sehemu ya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku, na programu ndiyo ibadilishe. Basi la saa 6 usiku ndilo baya zaidi: abiria anasema "Jumatatu usiku", kalenda inasema Jumanne. Liandikeni 24:00:00 ya Jumatatu, GTFS inakubali.

Fundi_wa_Ratiba:
Nyongeza kwa mkuu hapo juu, sasa tuje kwenye mpaka. Msiuache uwe matembezi ya kawaida, kwa sababu mtembea kwa miguu kwenye OSM hana saa za kufunga. Tengenezeni seti ya tatu, ndogo, ya mpaka tu: kituo cha Mtambaswala, kituo cha Negomano, na "safari" moja kila upande. Kwenye nakala yenu ya ramani lifungieni daraja watembea kwa miguu (foot=no). Narudia, nakala yenu! Mkienda kubadilisha OSM ya umma mtakuwa mmeharibu ramani ya kila mtu, daraja lile linapitika.

Seti hiyo itumie saa za Dar, hata kituo cha Negomano. Ukiweka stop_timezone (saa za eneo la kituo) ya Maputo pale haibadilishi stop_times (saa za kufika na kuondoka). Watu huandika kuondoka 08:00:00, kufika 07:40:00 eti kwa saa ya Msumbiji, kikaguzi kinakataa kwa kuwa umefika kabla hujaondoka.

Sasa hesabu ya saa za kufungua. Tuseme kila upande unafungua saa 12 asubuhi hadi 12 jioni kwa saa yake. Kwa saa ya Tanzania, Msumbiji ni 07:00 hadi 19:00. Pande zote zimefunguliwa pamoja 07:00 hadi 18:00, yaani muda wa saa 11 na si 12. Kama kugonga mihuri na kuvuka ni dakika 60, anayetoka Negomano mwisho wake ni 17:00 ya Tanzania, ambayo kwake ni 16:00. Akikawia hapo, kwetu atakuta pamefungwa. Kwa hiyo frequencies.txt (faili la safari zinazojirudia kila baada ya muda fulani) ya kwenda na ya kurudi hazifanani, msinakili tu. Wekeni exact_times=0 (yaani hakuna dakika kamili ya kuondoka), vivyo hivyo kwa Hiace zinazoondoka zikijaa.

Korosho_Ramani:
Nimekuelewa sana mkuu. Na Kilambo? Pale ni kivuko.

Bamvua:
Kilambo msikiwekee ratiba ya wiki. Kivuko kinafuata maji, na maji kujaa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku, hivyo ratiba ya Jumatatu hii haifai Jumatatu ijayo. Tengenezeni service_id (alama ya siku za huduma) ya kila tarehe kwenye calendar_dates.txt, mkiikokotoa kutoka jedwali la maji ya bandari, kisha mwongeze muda wa maji kupanda mto. Huo waulizeni wanaoendesha kivuko. Siku za bamvua na za maji mafu muwaulize kando, kina hakilingani.

Pia wekeni GTFS-Realtime (taarifa za papo hapo) ya tahadhari, NO_SERVICE yaani hakuna huduma, mtu mmoja awe na mamlaka ya kuiwasha. Cabo Delgado ina machafuko tangu Oktoba 2017, njia inaweza kufungwa leo hii hii.

Njia_Panda_Mangaka:
Nauli: TZS (shilingi ya Tanzania) na MZN (metikali ya Msumbiji) msizijumlishe, kila kipande kionyeshe sarafu yake. Na utafutaji ukubali "Mocimboa" bila alama juu ya i, hakuna anayeiandika kwenye simu.

Fundi_wa_Ratiba:
Mkimaliza, jaribuni Masasi–Mueda kuanzia saa 10 alfajiri, kisha Mueda–Masasi ya kufika Negomano 16:10 kwa saa ya kule. Ya pili ikikupa jibu la siku hiyo hiyo, rudi kwenye frequencies.txt, end_time (saa ya mwisho) ya kurudi umeiacha 18:00.