Kamera ya filamu kwa kazi ya Kondoa: Nikon F3 au FM2?

Muulizaji, Dodoma Mjini
Ndugu zangu, habari za kazi. Kiangazi hiki nimepewa kazi ya kupiga kwa filamu nyeusi na nyeupe michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Tukishaiacha lami ni vumbi na kupanda mlima, na huko juu hakuna pa kununua betri. Nimeonyeshwa Nikon F3 na Nikon FM2, zote zimeshatumika, na bei zake zinakaribiana. Nichukue ipi, na kwa lenzi gani?

Jibu la kwanza
Ndugu, chukua FM2. F3 ya mwaka 1980 ni kamera imara sana, lakini shata yake (pazia linalofunguka kuingiza mwanga kwenye filamu) inaongozwa na umeme, na betri ikiisha unabaki na kasi ya dharura ya 1/60 ya sekunde. FM2, iliyotoka mwaka 1982, hufyatua kasi zake zote hadi 1/4000 bila betri, kwa kuwa betri zake ni za mita ya mwanga tu. Beba za akiba hata hivyo, maana kivulini chini ya mwamba kukadiria mwanga kwa macho ni hatari.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila hali ya kamera yenyewe ina uzito kuliko jina lake. Fungua mgongo utazame vibamba vya shata, ambavyo katika FM2 ni vyembamba mno na havitakiwi kuguswa kwa kidole. Sponji za kuzuia mwanga zikiwa zimegeuka ulimbo, fundi azibadilishe kwanza. Kisha piga filamu moja ya majaribio na uisafishe kabla ya safari, kwa sababu hakuna ukaguzi mwingine utakaokuonyesha mwanga unaovuja.

Jibu la tatu
Kwa michoro, lenzi ninayoiamini ni Micro-Nikkor ya mm 55, f/2.8, kwa kuwa inakaribia hadi nusu ya ukubwa halisi na inachora ukuta bapa kwa ukali hata pembeni. Ikague kwa tochi: nyingi zina mafuta kwenye vibamba vya tundu la kupitishia mwanga ndani ya lenzi, na grisi iliyokauka hufanya pete ya fokasi iwe nzito. Ongeza mm 28 kwa ajili ya mandhari ya pango, na usibadilishe lenzi kwenye upepo.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni filta, yaani kioo cha rangi kinachofungwa mbele ya lenzi. Michoro mingi ya Kondoa ni myekundu, na filta nyekundu itaififisha kabisa kwenye filamu yako, ilhali ya kijani itaifanya iwe nyeusi zaidi, na michoro myeupe itabaki myeupe. Kwa kuwa filta ya kijani hula mwanga, stendi ya miguu mitatu ni lazima.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Nitakwenda kuikagua FM2 nikiwa na tochi, na filta ya kijani nitaitafuta kabla ya filamu.