Saa ya laki moja unusu, ninunue ama ni kujionyesha tu?

msee_wa_bima: Wadau habari zenu. Mimi nauza bima, ofisi iko Upper Hill, wateja ni watu wa suti. Sasa kuna jamaa ananiuzia Omega ya automatic, imetumika lakini safi, anataka laki moja unusu na bosi wangu naye anasema ati mteja huangalia mkono kabla hajasikiza maneno. Pesa iko kwa sacco lakini roho inasita. Mnasemaje?

kayole_flani: Bosi ndiye analipa? Na jioni si unapanda matatu kama sisi, hapo kwa jam mkono dirishani 😂

fundi_downtown: Mimi hizi saa ndizo kazi yangu. Kama shida ni kujua saa ngapi, Casio F-91W, ile ya plastiki iliyotoka 1989, inashinda hiyo Omega. Saa ya quartz kama hiyo Casio, yaani ya betri, iko na kijiwe kidogo cha quartz kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja, lakini automatic ni springi na magurudumu tu, hata zile zimepimwa Uswisi zikapewa cheti cha COSC, wale wa kupima usahihi wa saa, zinaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 ama kukimbia 6 kwa siku. Na kila baada ya miaka kadhaa lazima ifunguliwe, ioshwe, itiwe mafuta, hiyo gharama wauzaji hawaisemi kabisa. Ile unanunua ni ufundi na jina.

Halafu cheki mshale wa sekunde. Ukiruka tik, tik na usoni wameandika Automatic, toka hapo mbio. Ukiteleza pia usifurahi haraka, kuna feki nyingi za automatic siku hizi. Angalia maandishi ya usoni kwa lenzi, yakiwa yamevimba ama yamekaa upande huo uso umepakwa rangi upya. Mwambie afungue kifuniko cha nyuma tuone mashine.

shiro_254: Mtu akipenda saa anunue, pesa ni yake, lakini hiyo ya wateja mimi nakataa. Nimewahi kugongwa gari usiku, na yule wa bima alishika simu mara ya kwanza tu. Ndio maana bado niko naye. Alikuwa na saa ama hakuwa, hata sijui.

kayole_flani: Na msimdanganye ati ni investimenti. Rolex kadhaa za chuma ndio zinashikilia bei, nyingi ukitoka nayo dukani tu imeshuka.

msee_wa_bima: Shukrani sana. Kusema kweli naipenda tu, wateja ilikuwa kisingizio. Nimempigia jamaa twende kwa fundi aifungue, anasema haiwezi kufunguliwa itaingia vumbi.

fundi_downtown: Vumbi 😂😂 acha pesa ikae sacco.